Betri Mpya Haiponyi Gari Lisilochaji

Katika kijiji kimoja tulikokwenda kutembelea madarasa ya kisomo, tulilikuta gari la kijiji limesimama chini ya mwembe. Ni Land Rover ya zamani, Series III, ya petroli. Land Rover zilianza kuundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948. Hizi za Series III ziliundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ni magari ya zamani, lakini ni magumu, na huko vijijini bado yapo yanayofanya kazi.

Gari hilo hubeba mbolea, hubeba dawa, na usiku hubeba wagonjwa. Lakini usiku mmoja halikubeba mgonjwa. Mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi, na mkunga akaona mambo si mazuri. Dereva akaamshwa. Akatia ufunguo, akawasha. Gari likasema "tk", likanyamaza. Vijana wakalisukuma mara tatu, halikuwaka. Mama akabebwa kwa kitanda cha kamba mpaka barabara kuu. Zilipotea saa tatu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatuwezi kusema kwamba gari lingemwokoa mtoto yule. Lakini saa tatu ni saa tatu.

Jambo lililotushangaza ni hili. Betri ya gari ilikuwa mpya. Tena ilikuwa betri ya pili kununuliwa ndani ya miezi michache. Wanakijiji walichanga mara mbili, wengine kwa shilingi na wengine kwa mahindi. Kila mara betri mpya ilifanya kazi siku chache, kisha ikafa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba wauzaji wa betri ni wezi, wengine wakamshuku dereva.

Kumbe betri hazikuwa na kosa. Wala dereva hakuwa mwizi. Kosa lilikuwa kwenye balbu moja ndogo. Katika makala hii tutaeleza jinsi balbu hiyo ilivyoliua gari zima, na jinsi ya kutafuta kosa la chaji hatua kwa hatua kabla ya kuchanga fedha za betri.

GHALA, SHAMBA NA WALAJI

Watu wengi hudhani betri inatengeneza umeme wa gari kila siku. Sivyo. Betri ni ghala. Umeme huwekwa humo, na hutolewa humo. Betri ya aina hii, ya risasi na tindikali, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mpaka leo kazi yake ni ile ile: kutunza.

Anayelima umeme ni chombo kingine. Kimefungwa ubavuni mwa injini, nacho huzungushwa na mkanda wa mpira uitwao feni belti. Katika magari ya zamani sana chombo hicho ni dainamo. Katika Series III ni altaneta. Mafundi wengine huita vyote viwili jenereta. Injini ikizunguka, mkanda unazunguka, altaneta inazunguka, umeme unapatikana. Umeme huo hulisha taa na plagi, na unaobaki huingia ghalani, yaani kwenye betri.

Walaji nao ni wengi. Kuna stata inayowasha injini. Kuna taa kubwa, taa ndogo, honi, redio, na koili inayopeleka moto kwenye plagi.

Kuna na bwana shamba mmoja. Huyu ni regyuleta. Kazi yake ni kuangalia umeme usizidi wala usipungue. Akilala, mambo huharibika kwa pande zote mbili.

Sasa tufikiri pamoja. Ghala likiwa tupu, kosa ni la ghala? Inawezekana, kama lina tundu. Lakini inawezekana pia shamba halikulimwa. Au mavuno yalimwagika njiani. Au kuna mwizi anayechota usiku. Kujenga ghala jipya hakuleti mavuno. Ndivyo ilivyo kununua betri mpya kwa gari lisilochaji.

KWANZA USALAMA

Kabla hujagusa chochote, shika mambo haya manne.

1. Betri hutoa gesi inayolipuka. Usivute sigara karibu nayo. Usiinamie betri na kibatari au kiberiti ili uone maji yaliyomo. Tumia tochi, au ngoja mchana.

2. Maji ya ndani ya betri ni tindikali. Huunguza ngozi, macho na nguo. Yakikurukia, osha kwa maji mengi safi papo hapo. Yakiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

3. Ukitaka kufungua waya za betri, anza na ule unaokwenda kwenye bodi ya gari. Ukifunga, huo uwe wa mwisho. Ukifanya kinyume, spana inaweza kugusa bodi na kutoa cheche kubwa. Vua na pete na saa ya chuma.

4. Injini ikizunguka, weka mbali mikono, kanga, shuka na mikono mirefu ya shati. Feni haina huruma.

HATUA YA 1: ISOME TAA YA CHAJI

Mbele ya dereva kuna taa ndogo nyekundu. Hiyo ni taa ya chaji. Wewe uliyejifunza kusoma herufi, sasa jifunze kuisoma taa hii. Ina maneno machache tu. Haya ni ya gari lenye altaneta.

Ufunguo umefungwa: taa isiwake.
Ufunguo umefunguliwa, injini haijawaka: taa LAZIMA iwake.
Injini imewaka: taa izimike.

Taa ikibaki inawaka wakati injini inazunguka, altaneta hailimi. Ikiwaka kwa ufifi, kama kaa linalokufa, huenda sehemu za ndani ya altaneta zimeanza kuharibika, au waya mahali fulani haukugusana vizuri.

Na kama ufunguo umefunguliwa na taa haiwaki kabisa? Hapo ndipo dereva wa kijiji kile alipopotea. Alituambia, "Taa nyekundu haikuwaka hata siku moja. Basi nilijua chaji ni nzuri." Alidhani ukimya ni salama. Sivyo. Mlinzi asiyepiga kelele si lazima awe ameona amani. Huenda amelala, au amekufa.

Tueleze sababu. Altaneta nyingi za zamani haziamki zenyewe. Zinahitaji umeme kidogo wa kuziamsha, kama pampu ya maji inayotaka kwanza kumiminiwa kikombe cha maji ndipo ivute. Umeme huo kidogo hutoka kwenye betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, hupita ndani ya balbu ya taa nyekundu, kisha hufika kwenye altaneta. Balbu ikiungua, njia imekatika. Altaneta haiamshwi. Inazunguka bure na mkanda, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Na kwa kuwa balbu ndiyo pia ya kutoa onyo, onyo nalo halipo.

Wakati mwingine altaneta ya namna hiyo huamka yenyewe dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu. Hivyo leo gari linachaji, kesho halichaji. Hapo watu huanza kusema gari lina shetani. Hakuna shetani, ni balbu.

HATUA YA 2: TAZAMA MKANDA

Zima injini. Toa ufunguo uweke mfukoni. Kisha bonyeza feni belti kwa kidole gumba, katikati ya sehemu yake ndefu. Ukibonyea kama sentimeta moja, yaani karibu upana wa kidole, ni sawa. Ukibonyea sana, umelegea. Mkanda uliolegea huteleza. Utasikia gari linalia "kwiii" hasa asubuhi, au unapowasha taa kubwa.

Tazama pia upande wa ndani wa mkanda. Kama unang'aa kama kioo, au una nyufa, au umelowa oili, badilisha.

Kuukaza mkanda, legeza boliti za altaneta, ivute nje taratibu, kisha kaza. Usiigonge kwa nyundo. Usiukaze mno pia, maana beringi za altaneta na za pampu ya maji zitakufa mapema.

Jambo la kukumbuka: katika Land Rover hizi, mkanda huo huo huzungusha feni na pampu ya maji. Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka ghafla ukiwa safarini, simama. Huenda mkanda umekatika. Ukiendelea, si betri tu itakayokufa, injini nayo itachemka na kuharibika.

HATUA YA 3: BETRI NA VICHWA VYAKE

Juu ya betri kuna vichwa viwili vya risasi. Kimoja kina alama ya kujumlisha (+), kingine alama ya kutoa (−). Ukiona unga mweupe au wa kijani umeota pale, umeme unapita kwa shida. Ni kama mfereji uliojaa matope.

Fungua waya, kwa mpango tuliousema. Mimina maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo juu ya unga huo. Utatoa povu. Hiyo ni tindikali inayokufa. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kausha, kwangua vichwa na vibano vya waya kwa msasa mpaka ving'ae, funga, kaza, kisha paka grisi kidogo kwa juu.

Halafu tazama maji ya betri, kama betri yenu ni ya kufunguliwa vifuniko. Maji yafunike vile vibamba vya ndani. Yakipungua, ongeza maji ya betri yanayouzwa dukani. Usiongeze tindikali. Na usiweke maji ya kisima, hata kama yamechemshwa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na chumvi huharibu betri.

Betri isiachwe tupu wiki kwa wiki. Ikikaa tupu, vibamba vyake huota kama ukungu mgumu mweupe, na baadaye hata ukiichaji haishiki tena. Hivyo ndivyo betri mbili za kijiji kile zilivyokufa kweli. Hazikuwa mbovu ziliponunuliwa. Zilikufa kwa njaa.

HATUA YA 4: WAYA WA BODI

Umeme hutoka kwenye betri, hufanya kazi, kisha hurudi kwenye betri. Haurudi kwa waya mwingine wa shaba kila mahali. Unarudi kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Kutoka kwenye bodi na injini kuna waya mnene, mara nyingi wa kusukwa kama ukili, unaourudisha nyumbani. Tuuite waya wa bodi.

Katika magari ya zamani waya huu husahauliwa. Hufunikwa na matope, kutu na oili. Ukilegea, stata huzunguka kwa uvivu, taa hufifia, na chaji haifiki vizuri.

Njia rahisi ya kuupima ni hii. Chukua waya mnene wa kuazimia moto. Upande mmoja ushike kichwa cha betri kinachokwenda kwenye bodi. Upande wa pili ushike chuma safi cha injini. Jaribu kuwasha. Kama stata sasa inazunguka kwa nguvu, kosa ni la waya wa bodi. Ufungue, ukwangue wenyewe na mahali unapokaa mpaka chuma king'ae, kisha uukaze.

HATUA YA 5: PIMA KWA MITA

Mita ya volti ni chombo kidogo. Kijiji chenye gari kingefaa kuwa nacho, kama chenye pikipiki kinavyokuwa na pampu. Namba za kukumbuka ni chache. Ziandike kwenye kipande cha karatasi, zibandikwe ndani ya mlango wa gari.

Gari limepumzika usiku kucha, taa zote zimezimwa:
volti 12.6 au zaidi kidogo: betri imejaa.
volti 12.2: betri iko karibu nusu.
volti 12.0: imebaki kidogo tu.
chini ya 11.8: betri ni tupu.

Wakati stata inazunguka: isishuke chini ya 9.6 au hapo karibu. Ikishuka sana na betri ilikuwa imejaa, betri imechoka.

Injini imewaka, umekanyaga mafuta kidogo:
volti 13.8 hadi 14.5: chaji ni nzuri.
volti 12 na kitu, na inazidi kushuka: hakuna chaji.
volti 15 au zaidi: chaji imezidi. Regyuleta amelala. Betri itachemka, maji yataisha haraka, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Washa na taa kubwa, kisha pima tena. Altaneta yenye afya hubaki juu ya 13 hata taa zikiwaka.

HATUA YA 6: BALBU NA WAYA MWEMBAMBA

Hatua hii ni kwa gari ambalo taa yake ya chaji haiwaki ufunguo unapofunguliwa, na ambalo upande wa (−) ndio unaokwenda kwenye bodi.

Nyuma ya altaneta kuna waya mnene na waya mwembamba. Ule mnene una umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Huo usiuguse kwenye chuma kamwe! Utatoa moto. Katika Land Rover hizi waya mnene kwa kawaida ni wa rangi ya kahawia. Ule mwembamba ni wa kahawia wenye mstari wa njano. Lakini gari la zamani limepita kwa mafundi wengi, na rangi huenda zilibadilishwa. Kwa hiyo fuata unene, usifuate rangi peke yake. Kama huna hakika, mwite fundi.

Zima injini. Chomoa plagi ya waya nyuma ya altaneta. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Gusisha ncha ya waya mwembamba kwenye chuma safi cha injini. Mwenzako atazame mbele ya dereva.

Taa ikiwaka, balbu na waya ni vizima. Kosa liko ndani ya altaneta, mara nyingi ni makaa yake madogo yaliyolika. Makaa hayo huweza kubadilishwa bila kununua altaneta nzima.

Taa isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika. Anza na balbu. Weka nyingine ya ukubwa ule ule.

Hapo ndipo kijiji kile kilipopata jibu. Fundi aliyeletwa kutoka mjini aliibadilisha balbu mbele ya watu. Akafungua ufunguo. Taa nyekundu ikawaka. Watu wengine wakaguna, wakidhani gari limeharibika zaidi. Akawasha injini, taa ikazimika. Mita ikaonyesha 14.1. Mzee mmoja akauliza, "Ndiyo hiyo tu?" Fundi akajibu, "Ndiyo hiyo tu, mzee wangu." Hakuna aliyecheka.

HATUA YA 7: MWIZI WA USIKU

Kama chaji ni nzuri na betri ni nzuri, lakini kila asubuhi betri imekwisha, kuna mlaji anayekula usiku.

Zima kila kitu. Funga milango. Fungua waya wa bodi kwenye betri. Chukua balbu ndogo ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili. Waya mmoja uguse kichwa cha betri, wa pili uguse ule waya uliofungua. Balbu isipowaka, hakuna mwizi mkubwa. Ikiwaka, yupo. Sasa toa fyuzi moja moja, na chomoa redio au taa zilizoongezwa baadaye. Ukichomoa kitu na balbu ikazimika, huyo ndiye mwizi wako.

KAMA GARI LINA DAINAMO

Land Rover za kabla ya Series III nyingi zilikuja na dainamo. Ni chombo kirefu chembamba kama mkebe. Pembeni, ukutani mwa boneti, kuna kisanduku chenye regyuleta na katauti. Katauti ni mlango. Hufunguka dainamo ikilima, na hujifunga injini ikizimwa, ili umeme wa betri usirudi nyuma na kumwagika.

Kuna tofauti tatu za kukumbuka. Kwanza, dainamo haichaji vizuri injini ikizunguka polepole. Taa nyekundu ikiwaka kidogo gari likiwa limesimama, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, hilo ni la kawaida. Pili, mavuno yake ni madogo. Dainamo ya kawaida ya magari hayo hutoa ampea kama 22, na altaneta ya Series III hutoa kama 34. Kwa hiyo usiongeze taa kubwa nyingi mbele ya gari lenye dainamo. Tatu, magari mengi ya Uingereza ya zamani, hadi katikati ya miaka ya 1960, yalifungwa upande wa (+) ndio uende kwenye bodi. Kabla ya kubadilisha betri, tazama kwanza upande upi unakwenda kwenye bodi, uuandike. Kubadilisha pande kwa kubahatisha kumeua vyombo vingi.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Taa kubwa mbili za wati 50 kila moja, na taa ndogo nne za wati 5 kila moja. Jumla ni wati 120. Gawa kwa volti 12. Jibu ni ampea 10. Betri ya ampea 60 kwa saa, gawa kwa 10, unapata saa 6. Ongeza koili ya plagi, na betri ambayo si mpya, zinakuwa saa 4 hivi au pungufu. Huo ndio muda wa gari la petroli kutembea usiku bila chaji. Baada ya hapo ni giza, porini.

Sasa stata. Inakula ampea kama 200, lakini kwa sekunde 5 tu. Taa zetu za ampea 10 hula kiasi hicho hicho kwa sekunde 100, yaani dakika 1 na sekunde 40. Kwa hiyo si kuwasha gari mara nyingi kunakomaliza betri. Ni taa zinazowaka bila chaji.

KOSA MOJA KUBWA

Kuna mafundi wanaopima altaneta kwa kuwasha injini kisha kuchomoa waya wa betri. Husema, "Injini isipozima, altaneta ni nzima." Usikubali! Betri ikitolewa, umeme wa altaneta huruka juu ghafla na kuunguza sehemu zake za ndani. Fundi anaweza kuikuta altaneta nzima akaiacha mbovu. Mwambie apime kwa mita.

TUMALIZIE

Ndugu wasomaji, ukaguzi wa asubuhi unachukua dakika chache tu. Fungua ufunguo: taa iwake. Washa injini: izimike. Bonyeza mkanda. Tazama vichwa vya betri. Andika kwenye daftari la gari tarehe na ulichokiona. Kijiji kile sasa kina daftari hilo. Huandikwa na dereva, na huangaliwa na mama mmoja aliyehitimu kisomo, ambaye hajui kuendesha gari lakini anajua kusoma "imewaka, imezimika".

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunasema betri ni ghala, si shamba?
2. Ufunguo umefunguliwa na taa nyekundu haiwaki. Je, ni heri au ni hatari? Eleza.
3. Taa ndogo nne za wati 5 zimesahauliwa zikiwaka kwa saa 12. Betri ya ampea 60 kwa saa imepoteza kama sehemu gani ya umeme wake? (Jibu: kama theluthi moja.)
4. Katika kijiji chenu, nani hulikagua gari, pikipiki au betri ya sola kila asubuhi? Huandika wapi?